Ficha Kimoja Waziwazi: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Kipindi cha Kutisha kwa Kujifunza kwa "Eye of the Beholder"

Kila anayeniomba ushauri wa kupiga filamu fupi ya kutisha huanza na swali la damu. Damu ya bandia inachanganywaje, inakaa muda gani kwenye nguo, inatoka kwa sabuni gani. Mimi humpa kazi moja kwanza: kakitazame kipindi cha televisheni cha mwaka 1960 ambacho hakina hata tone la damu, halafu uje tuongee.

Kipindi chenyewe kinaitwa "Eye of the Beholder". Kilirushwa na kituo cha televisheni cha CBS huko Marekani tarehe 11 Novemba 1960, katika msimu wa 2 wa The Twilight Zone. Mfululizo huo ulianza 1959 ukaisha 1964, vipindi 156, na kila kipindi kilikuwa na kisa chake, watu wake na mwisho wake. Wiki ikiisha, kisa kimekwisha. Mwanzilishi wake, Rod Serling, aliandika zaidi ya nusu ya vipindi hivyo, na hiki ni kimojawapo. Mwongozaji ni Douglas Heyes.

Nakipenda kwa sababu ya kimaskini kabisa: wodi, korido, watu wachache, picha nyeusi na nyeupe. Mwenye simu, taa mbili na chumba cha kuazima anaweza kukitazama akasema, hiki hata mimi naweza. Hawezi, bila shaka, si kwa mara ya kwanza. Lakini anaona njia.

Kuanzia hapa nafichua mwisho. Kama hujakiona, acha kusoma, kitazame, dakika 25 tu, kisha urudi.

Hatua ya 1: Tazama mara moja kama mtu asiyejua lolote

Zima taa, weka simu chumba kingine, usisimamishe hata kama mtu anabisha hodi. Kikiisha, kabla hujaongea na yeyote, chukua daftari uandike mambo mawili: dakika ya ngapi ulianza kushuku, na ulishuku nini. Andika ukweli. Nafasi hii hairudi. Ukishajua mwisho umeshajua.

Kisa ni hiki. Janet Tyler amelazwa hospitalini, kichwa kizima kimefungwa bendeji. Hii ni mara ya 11 anatibiwa ili sura yake ifanane na za wenzake, na sheria ya nchi ile hairuhusu mara ya 12. Ikishindikana, atapelekwa kijiji cha watu wa namna yake, wakaishi huko mbali na macho ya watu. Daktari anamhurumia. Nesi anamhudumia vizuri. Usiku, bendeji inafunguliwa mzunguko baada ya mzunguko, na daktari anapaza sauti kwamba hakuna kilichobadilika. Ndipo tunamwona: mwanamke mrembo. Taa inawafikia madaktari na manesi, nao wana pua za nguruwe, midomo iliyopinda, macho yaliyodidimia. Katika nchi ile hao ndio wazuri.

Hatua ya 2: Tazama tena, sauti ukiwa umeizima

Hapa ndipo penye kazi, usipite haraka. Chora mistari kwenye daftari, na kila daktari au nesi anapoingia kwenye picha andika ni nini kinachokuzuia kuuona uso wake. Utaandika kivuli. Utaandika mgongo. Bega. Umbo jeusi lililosimama mbele ya mwanga. Mikono peke yake ikishughulika na kitanda. Mtu anayegeuka, na sekunde ileile anayogeuka anakuwa ameshatoka kwenye mwanga.

Ukifika katikati utagundua jambo linalotia wivu: hawa watu hawakusimama kama nguzo. Wanatembea, wanainama, wanapishana mlangoni. Kamera ya George T. Clemens, mpiga picha wa kipindi, inatembea nao. Mwanafunzi akiambiwa "ficha uso", humgeuzia mwigizaji ukutani akamwacha hapo, na mtazamaji anauliza dakika ya pili tu: huyu mbona haonyeshwi? Heyes na Clemens waliuficha uso ndani ya mwendo, na kila maficho yana kisingizio chake cha kawaida. Ni usiku. Ni wodi. Mgonjwa anahitaji mwanga hafifu. Nani atashangaa?

Lakini kisingizio kikubwa kuliko vyote ni ile bendeji. Tangu picha ya kwanza tunaambiwa waziwazi kwamba kuna uso uliofichwa, na tunajua ni upi. Macho yetu yote yako pale kitandani yakisubiri. Kwa kuwa tumepewa fumbo moja mkononi, hatukumbuki kuangalia kama kuna la pili. Nyuso za wengine tunazikosa kipindi karibu chote na hatudai.

Ukichukua kitu kimoja tu katika mwongozo huu, chukua hicho: ficha kimoja waziwazi, kingine kitajificha chenyewe. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapo.

Hatua ya 3: Tazama mara ya tatu, ukiwa umefumba macho

Au geuzia skrini ukutani. Sasa sikiliza. Daktari ana sauti ya mtu ambaye ungempeleka mama yako kwake bila wasiwasi. Heyes aliwachagua waigizaji hawa kwa masikio: aliwasikiliza bila kuwatazama, akitafuta sauti zenye huruma, kwa sababu sauti ndiyo ingekuwa sura yao mpaka dakika za mwisho. Hii ni akili kubwa na haina gharama. Siku ya kuchagua waigizaji wako, wape kisogo, au waombe wakutumie ujumbe wa sauti. Utashangaa wangapi wenye sura ya sinema hawana sauti, na wangapi waliokaa nyuma wana sauti ya kumtoa nyoka pangoni.

Janet mwenyewe ni watu wawili. Ndani ya bendeji yumo Maxine Stuart. Bendeji ikitoka, anayeonekana ni Donna Douglas, ambaye alijifunza kuiga sauti ya mwenzake ili mtazamaji asisikie kiungo. Nayo iweke akilini, inaokoa ratiba: mtu aliyefunikwa anaweza kuwa mtu yeyote siku ambayo steringi wako kapata udhuru.

Sikiliza pia maneno. Nesi anasema uso ule ungekuwa wake angejizika. Janet anakumbuka utotoni, mtoto mwenzake alimtazama akapiga kelele. Mara ya kwanza unayasikia ukiwaza kovu, kuungua, ulemavu. Mara ya tatu unayasikia upya, na hakuna aliyesema uongo hata neno moja. Huo ndio mpaka usioruhusiwa kuuvuka. Kumficha mtazamaji jambo ni halali. Kumdanganya, ukamwonyesha kitu kisha ukasema hakikuwepo, atakudai nauli yake.

Kasoro? Ninayo moja. Katika nchi ile kuna kiongozi anayehutubia kwenye skrini, anafoka kuhusu watu wote kufanana. Miaka 15 baada ya Vita Kuu ya Pili, mtazamaji wa 1960 alijua mara moja nani anaigizwa: Hitler. Skrini zenyewe ni nzuri, hasa pale Janet anapokimbia kwenye korido na uso wa yule bwana unamfuata, lakini hotuba ningeikata nusu. Kisa kilikuwa kimeshasema.

Hatua ya 4: Andika mwisho wako kwa sentensi mbili

Usianze na "kuna nyumba ina jini". Anza na sentensi mbili: ya kwanza ni fumbo utakalomwonyesha mtazamaji, ya pili ni lile ambalo hatalitazama.

Nitatumia kisa tulichopiga sisi, ili tusiongee hewani. Fundi cherehani na kijana anayejifunza kazi kwake wanafungua duka usiku wa kuamkia Idd kumhudumia mteja mmoja. Mteja yuko nyuma ya pazia. Fundi anapima, anataja vipimo kwa sauti, kijana anaandika. Sentensi ya kwanza: nyuma ya pazia yuko nani? Sentensi ya pili: vipimo anavyoandika kijana ni vya kwake mwenyewe.

Baada ya hapo tafuta dokezo, na dokezo liwekwe mapema, mahali ambapo mtu hana sababu ya kulishika. Kwetu, dakika ya kwanza, mchana, fundi anampima kijana kanzu yake ya Idd huku wakitaniana: mabega kumi na nane, mkono ishirini na nne, urefu hamsini na sita. Duka lina watu, redio inaimba, mtoto anaomba vifungo. Usiku vipimo vinarudi vilevile, kimoja kimoja, na nafasi ndefu katikati.

Jaribu sentensi zako kwa mtu mmoja unayemwamini. Akisema "enhee, halafu?" baada ya ya kwanza, na akanyamaza baada ya ya pili, endelea. Akicheka, rudi mezani.

Hatua ya 5: Gawa dakika, usianze na 25

Serling alikuwa na nusu saa ya televisheni, ukitoa matangazo. Wewe chukua dakika 10 hadi 12. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa dakika moja, kwa hiyo kurasa 12 zinatosha. Dakika mbili za mwanzo ni za maisha ya kawaida, na dokezo limo humo. Fumbo la wazi lifike kabla ya dakika ya tatu. Kwetu ndipo mteja alipobisha. Katikati usiongeze majini, ongeza masharti: mteja anataka nguo kabla ya alfajiri, hataki pazia liguswe, hataki taa ya pili iwashwe. Kila sharti linakupa kisingizio cha kuficha. Mwisho uchukue dakika mbili na nusu, si zaidi.

Sauti ya mteja wetu haisikiki kamwe. Tunamsikia fundi tu, kama anayeongea na simu: "Ndiyo, mzee. Hapana, mzee, kitambaa ni hikihiki." Niliandika mazungumzo kamili ya pande zote mbili, kisha nikafuta upande mmoja. Fanya hivyo badala ya kuandika upande mmoja tangu mwanzo, maana majibu ya fundi yatakuwa na uzito wa swali alilosikia yeye peke yake.

Hatua ya 6: Taa

Ziba madirisha yote kwa blanketi au mfuko mweusi, au piga kuanzia saa mbili usiku. Giza liwe lako kwanza, ndipo uanze kulitoboa.

Kwa umbo jeusi, weka taa nyuma ya mtu na usiweke yoyote mbele yake. Kwenye simu, gusa sehemu yenye mwanga kwenye kioo, shikilia mpaka ifunge mwanga na umakini, halafu shusha mwangaza taratibu mpaka uso upotee na ukingo wa mabega ubaki. Usipofunga, simu itajaribu kukusaidia: kila mtu akisogea inaongeza mwanga yenyewe, na siri yako inapauka mbele ya macho yako.

Kivuli kwenye pazia kina kanuni mbili. Mtu akilikaribia pazia, kivuli kinakuwa kikali na cha kimo chake. Akirudi kuelekea taa, kinakua na kingo zake zinafifia. Na taa yenyewe iwe ndogo na tupu, balbu isiyofunikwa, kwa sababu taa pana au iliyowekewa karatasi inalainisha kila kitu. Pazia letu lilikuwa shuka jeupe la pamba. Khanga tulijaribu, maua yake yakapigana na kivuli.

Na hapa kuna jambo ninalojivunia, niruhusu. Nyuma ya lile shuka alikuwepo fundi peke yake. Kivuli kilichoonekana muda wote kilikuwa kimoja: mikono inanyooka, utepe unaning'inia, mtu anainama kupima urefu. Hatukuwahi kuonyesha cha pili. Waliotazama waliapa waliona watu wawili.

Kuna usumbufu mmoja wa kifundi utakaokula usiku mzima usipoujua. Umeme wa huku ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu zinapepesa kwa kasi ambayo jicho haliioni ila kamera inaiona, picha ikawa na mistari inayotembea. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kuchagua mwenyewe: picha 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Mistari mingi itakwisha. Ikibaki, badilisha balbu, usibishane nayo.

Hatua ya 7: Bendeji, barakoa na usalama wa mtu

Kama kisa chako kina uso wa kufungwa, nunua bendeji za kuvutika duka la dawa, na ununue nyingi kuliko unavyodhani, maana kila mkirudia tukio inabidi kufunga upya. Tanguliza shashi laini juu ya ngozi na nywele. Acha nafasi ya pua na mdomo hata kama kamera inaiona, utaificha kwa kivuli. Mpe mwigizaji ishara ya mkono ya kusema "nitoe", na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuutazama ule mkono tu. Mtu asiyeona, aliyefungwa kichwa, kwenye chumba cha giza chenye nyaya sakafuni, si wa kuachwa hata dakika moja.

Kwenye kipindi kuna picha ya ajabu: bendeji inafunguliwa nasi tuko ndani yake, tunaona mwanga ukiongezeka mzunguko kwa mzunguko kama mgonjwa mwenyewe. Kuipata nyumbani si kazi. Chukua bakuli la kioo, lizungushie bendeji kwa nje, sogeza simu mdomoni mwa bakuli ikitazama ndani, kisha mwenzako afungue polepole upande wenye taa. Jaribu idadi ya mizunguko kabla. Kwetu ya kwanza ilikuwa mizito mno tukapiga giza tupu sekunde 20.

Zile sura za nguruwe zilikuwa kazi ya William Tuttle, mkuu wa meikapu wa studio ya MGM ambako mfululizo ulipigwa. Mwaka 1965 alipewa Oscar ya heshima kwa kazi yake katika filamu nyingine. Tazama jinsi nyuso zile zinavyofanana kama za ndugu. Inafaa kisa, kwa kuwa nchi ile inaabudu kufanana, na inafaa mfuko, kwa kuwa umbo moja zuri likirudiwa linashinda maumbo sita ya kulipua. Ukitumia lateksi ya maji, ule mpira wa majimaji wa kutengenezea ngozi ya bandia, paka kidogo kwa ndani ya kiwiko cha mwigizaji siku moja kabla uone kama ngozi inakubali, na usiipake karibu na macho wala kwenye nyusi zisizopakwa mafuta.

Barakoa ikiwa tayari, usiipige picha ya tangazo. Nilishafanya kosa hilo kwenye kazi ya kabla ya hii: nikabandika sura ya mwisho kwenye bango kwa sababu ndiyo iliyonigharimu. Watu walikuja wakijua.

Hatua ya 8: Sauti

Zima feni. Zima friji, na uache funguo zako ndani yake ili usisahau kuiwasha ukiondoka. Tundika magodoro au mablanketi kwenye kuta mbili zinazotazamana ili chumba kisirudishe mwangwi. Maiki iwe karibu na mdomo kuliko kamera ilivyo. Kwa mtu aliye gizani ni raha, unaweza kuiweka popote. Ukimaliza matukio yote, wote mnyamaze rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba. Utauhitaji kuziba mapengo.

Muziki wa kipindi kile ulitungwa na Bernard Herrmann, mtunzi mashuhuri wa muziki wa filamu. Wewe huna Herrmann. Una cherehani, mvua juu ya bati, adhana ya mbali. Chagua sauti moja ya mahali, irudie, halafu ikatize ghafla pale unapotaka watu wakae wima. Sisi tulitumia cherehani ya miguu. Inaposimama, chumba kizima kinasimama.

Hatua ya 9: Mpangilio wa kufichua

Rudi kwenye kipindi, tazama dakika ile ya bendeji kwa utulivu. Kwanza tunasikia hukumu: hakuna kilichobadilika. Pili tunamwona yeye. Tatu tunawaona wao. Kati ya pili na tatu kuna upenyo mdogo ambao akili inahangaika: mbona ni mzuri? Upenyo huo ndio kipindi chenyewe. Ungewaonyesha madaktari kwanza, ungebaki na barakoa tu.

Sisi tulihariri vibaya mara ya kwanza. Kijana anavuta pazia, hakuna mtu nyuma yake ila fundi na utepe. Kisha anatazama karatasi ya vipimo. Tuliowaonyesha wakashtuka kwenye pazia, wakashusha pumzi, na vipimo vikapita bila kusomwa, kwa sababu jibu la fumbo la wazi walikuwa wameshalipata. Tukageuza. Sasa kijana anaandika kipimo cha mwisho, kalamu inasita. Anainua macho kwenye kanzu yake ya Idd iliyotundikwa msumarini, yenye kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini kifuani. Namba zilezile. Hapo ndipo anavuta pazia. Klipu zilezile, hatukurudi kupiga hata moja.

Picha ya mwisho iache ikae. Ukihisi imetosha, ongeza sekunde mbili.

Hatua ya 10: Jaribu kwa watu wasiokupenda sana

Watafute watu watano ambao hawakushiriki na hawajui kisa. Waketishe mmoja mmoja, kila mmoja na karatasi, aandike dakika anayoanza kujua. Usiongee, usikohoe, usiseme "subiri uone". Akijua mmoja kabla ya wakati, si neno. Wakijua watatu dakika ileile, pale pana tundu.

Kwetu wanne walifika mwisho salama. Wa tano alikuwa mama mmoja wa makamo, jirani wa mhariri wetu, na karatasi yake ilisema dakika ya tano. Nikamuuliza, mama, umejuaje? Akanitazama kama mtoto. "Hamsini na sita, mkono ishirini na nne. Si yule kijana wenu? Mimi nimeshona miaka thelathini, mwanangu."

Tulirudi kwenye kuhariri. Dokezo hatukulifuta, maana bila hilo kisa ni udanganyifu. Tulichofanya ni kuliacha lisikike mapande: mabega yakasikika vizuri, mkono ukamezwa nusu na mtoto anayeomba vifungo, urefu ukaja fundi akiwa na pini mdomoni. Tukamrudishia yule mama wiki iliyofuata. Safari hii aliandika dakika ya tisa, akacheka, akasema pini mdomoni ndiyo iliyompoteza.